Kuyu na Tini

Wahenga wa pwani walituachia methali fupi na kali: uzuri wa kuyu, ndani mabuu. Methali hiyo nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na kila mwaka wanafunzi waliifafanua kwa namna ile ile, kwamba mtu asidanganyike na sura ya nje. Ufafanuzi huo ni sahihi, na aliyeuandika katika mtihani alipata maksi zake zote. Lakini methali ni kama shahidi mbele ya hakimu: husema lile aliloulizwa, na mengine hubaki nayo moyoni. Baada ya kustaafu nimepata wasaa wa kuliuliza kuyu lenyewe lina lipi la kujitetea. Majibu niliyoyapata, ndugu msomaji, yanahusu historia yetu kuliko nilivyotarajia.

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikipita vijiji vya pwani, kutoka Kunduchi na Mbweni, kupanda Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Kaole na Bagamoyo, na wakati mwingine mbele zaidi kuelekea bonde la mto Ruvu. Kazi yangu ni kutafuta mikuyu, kuipiga picha na kuyaonja makuyu yake. Simu yenye kamera nilipewa na mjukuu wangu, naye ndiye aliyenifundisha kuitumia. Utaratibu wangu ni wa kimwalimu. Napiga picha shina kwanza, kisha jani juu na chini, kisha tunda zima kando ya sarafu ili ukubwa wake ujulikane, kisha tunda hilo hilo likiwa limepasuliwa. Mwisho naonja, na ladha naiandika katika daftari, kwa kuwa hakuna kamera inayonasa ladha.

Vijana wanaonikuta chini ya mti hunihurumia. "Mzee, hayo huliwa na popo," wananiambia, na wasemayo ni kweli. Popo huyala, na ninga, na hondohondo, na tumbili, na wote hao ndio wanaozitawanya mbegu zake. Lakini bibi mmoja wa Kaole alinitazama bila kushangaa. "Mwalimu," alisema, "sisi tuliyala sana tulipokuwa wadogo, na mwaka wa njaa tuliyala zaidi. Pasua, kung'uta, puliza, kisha kula. Na usiku usile, kwa sababu huoni unachokung'uta." Ushauri huo nimeufuata hadi leo.

Nieleze kidogo nilichokiona. Jina mkuyu, kwa wenyeji wengi, hubeba miti zaidi ya mmoja. Uko ule mkubwa wenye gome la rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, gome linalobanduka kama karatasi nyembamba, na majani yake yakiguswa hukwaruza kama msasa. Huu wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus. Makuyu yake hutoka kwenye shina na matawi makubwa, tena yana vinyweleo laini, na yakiiva huwa na rangi ya manjano inayoelekea wekundu. Uko mwingine, Ficus sur, wenye gome la kijivu na majani yenye kingo za menomeno. Matunda yake hujazana vichala vizito shinani hata mti ukaonekana umevalishwa shanga. Kisha kuna ndugu zao wengine, ambao mbegu yao hudondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, ikaota huko huko, ikateremsha mizizi hadi ardhini, na baada ya miaka ikamkaba mwenyeji wake. Hao hupenda pia kuota katika nyufa za kuta kuukuu, nao wamepasua magofu mengi ya pwani yetu. Matunda yao ni madogo, ya kuliwa na ndege zaidi kuliko watu.

Na ladha? Kuyu la mti wa kwanza, likiiva barabara, ni tamu kwa upole. Lina majimaji, halina ukali wala uchachu, na hupotea mdomoni upesi. Kuyu la mti wa pili hubadilika mti kwa mti: jingine tamu kushinda la kwanza, jingine kavu lisilo na ladha yoyote. Ili kulinganisha, nilinunua tini kavu dukani Dar es Salaam, zile zinazopangwa karibu na tende mwezi wa Ramadhani ukikaribia. Tini ni tamu mno, nzito kama asali iliyoganda, na mbegu zake hulia kati ya meno. Ukiipasua tini ukailaza kando ya kuyu lililopasuliwa, hata mtoto atakuambia kuwa hawa ni watu wa ukoo mmoja. Ndivyo ilivyo. Mtini na mkuyu ni jamii moja, na tunda la kila mmoja, kusema kweli, ni mfuko uliofungwa wenye maua mengi madogo yanayotazama ndani. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuona mkuyu umechanua. Umechanua, lakini gizani.

Basi nikajiuliza: kama ni ndugu, kwa nini majina yao hayafanani hata kidogo? Hapa ndipo somo la historia linapoanza.

Neno kuyu ni la Kibantu, tena la zamani sana. Waganda husema mukunyu. Wakikuyu husema mukuyu, na wengi wao hueleza kuwa jina la kabila lao limetokana na mti huo. Ukiteremka kusini hadi Malawi utausikia tena, mkuyu, bila hata herufi moja kugeuka. Wataalamu wa lugha wakiona neno limeenea hivyo kwa watu waliotengana siku nyingi, hukata shauri kuwa lilikuwamo vinywani mwa mababu kabla hawajagawanyika. Wakulima waliosema lugha za Kibantu walifika pwani hii takriban miaka elfu mbili iliyopita, wakiwa na majembe ya chuma na vyungu vyao. Jina la mkuyu walikuja nalo. Walipoukuta mti kando ya mito ya hapa hawakuwa na haja ya kumwuliza mtu unaitwaje.

Tini ilikuja kwa njia nyingine. Ni neno la Kiarabu, tin, lililoletwa na upepo wa kaskazi pamoja na tende na zabibu. Zaidi ya bidhaa, lililetwa na elimu. Katika Kurani, Sura ya 95 inaitwa At-Tin, na ni sura fupi ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema. Uislamu ni wa siku nyingi katika mwambao wetu; huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wamekuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja wamekuwapo watoto wa pwani wanaolijua neno tini, wakalitamka kwa heshima, pengine bila kuliona tunda lenyewe hata siku moja. Na wakitoka chuoni wanapita chini ya mkuyu, wakayakanyaga makuyu yaliyoanguka.

Upande wa Biblia mambo yalikwenda kinyume chake. Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko, alipanda mti ili amwone Yesu akipita. Wafasiri wa Kiswahili waliuita mti huo mkuyu, wala hawakubahatisha: mti wa Yeriko ni Ficus sycomorus, ni huu huu wa bonde la Ruvu. Uingereza, ambako mti huu hauoti, jina lake la Kigiriki limeishia kupewa mti tofauti kabisa, usiozaa tunda la kuliwa. Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo anayesoma habari za Zakayo anaweza kutoka nje akaupanda mti wenyewe. Mtoto wa London hana bahati hiyo. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kukuta kitabu cha kiada kinachomwambia mtoto wetu jambo hilo.

Kwa nini hatuambiani? Nadhani ni kwa sababu historia iliyoandikwa hufuata biashara. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa na makarani wengi. Waliandika pembe za ndovu, waliandika sandarusi, waliandika mbata. Waliwahesabu wapagazi, na hata binadamu waliouzwa waliandikwa kwa idadi. Kuyu halikupakiwa jahazini, halikutozwa ushuru forodhani, kwa hiyo halikupata karani. Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao makuu yao hadi mwaka 1891 walitaka kujua ni mazao gani yatakayoleta faida, na kuyu halikuwamo.

Hata hivyo, mtu mmoja alikuwa na masikio. Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, alifika katika pwani hii mwaka 1879, miaka kumi na mmoja baada ya shirika lake kuanzisha misheni ya Bagamoyo, na akakaa karibu miaka ishirini. Alikuwa mtu wa lugha na mtu wa mimea kwa pamoja. Alikusanya majani, maua na matunda, akayakausha na kuyapeleka katika makumbusho ya Paris. Na kila alipokwenda aliwauliza wenyeji: hiki mnakiitaje? Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, na ndani yake majina mengi ya miti yetu yamelazwa kando ya majina ya Kilatini. Alifariki mwaka 1943. Ni vema kumshukuru. Lakini nakiri inanichoma kidogo kwamba mwalimu wa Kitanzania anayetaka kujua babu zake waliuitaje mti wa nyuma ya nyumba hana budi kwanza ajue Kifaransa.

Sasa turudi kwa mabuu, maana ndiyo yaliyoliharibia kuyu jina.

Picha zangu za makuyu yaliyopasuliwa zinaonyesha wazi wadudu ndani, wadogo kuliko sisimizi. Ni aina ya nyigu, na maisha yao ni hadithi ya kusisimua. Jike mmoja, aliyejaa mayai na aliyebeba chavua, yaani ule ungaunga wa kiume wa maua, huona kuyu changa na kujipenyeza katika kitundu chake chembamba. Njia ni finyu hata mabawa yake hukatika mlangoni. Akishafika ndani hana kurudi. Huyapaka maua chavua, hutaga mayai yake, kisha hufa. Baadhi ya maua hugeuka mbegu, na baadhi huwa vitanda vya mabuu. Wiki kadhaa baadaye madume huzaliwa kwanza, bila mabawa. Huoana na majike, huwachimbia tundu la kutokea, na wao hufia humo humo. Majike hujaza chavua katika vifuko vilivyo vifuani mwao, hutoka, na huwa na siku moja au mbili tu za kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga. Watafiti wawili wa Israeli, Galil na Eisikowitch, walichapisha mwaka 1968 uchunguzi walioufanya juu ya mkuyu wa Afrika Mashariki, na mengi tunayoyajua kuhusu jambo hili yalianzia hapo.

Kwa maneno mengine, mabuu ndiyo yanayolifanya kuyu liwe na mbegu, na bila hayo hakuna mkuyu mpya. Mti hulipa ujira wa sehemu ya maua yake, naye nyigu humpelekea posa kwa mikuyu mingine. Ni mkataba wa tangu zamani kuliko binadamu.

Msomaji akitaka kujua mkuyu usio na rafiki huyu hukaaje, atazame Misri. Mkuyu ulifika huko zamani sana, na Wamisri wa kale waliupenda: mbao zake walitengenezea majeneza, na makuyu yake waliwawekea wafu makaburini. Lakini yule nyigu mbeba chavua hayupo huko. Yupo nyigu wa aina nyingine, anayetaga mayai ndani ya tunda na halipi chochote. Tunda huiva likiwa limejaa wadudu bila mbegu moja inayoota. Ikawalazimu watu waifanye kazi wenyewe. Walipanda juu na kulikata kila kuyu changa kwa kisu kidogo, na kwa mkato huo tunda liliiva baada ya siku tatu au nne, kabla wadudu hawajakomaa. Theophrastus, mwanachuoni wa Ugiriki ya kale, aliiandika desturi hiyo, na wafafanuzi wengi huona kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nabii Amosi kabla hajaitwa. Na kwa vile mti hauna mbegu, kila mkuyu wa huko ulipandikizwa kwa tawi lililokatwa na mkono wa mtu. Maelfu ya miaka ya jasho, kwa ajili ya kuziba pengo la mdudu mmoja ambaye sisi tunamtungia methali ya dharau.

Na tini, je, yule ndugu mwenye heshima? Aina nyingi za tini zinazolimwa duniani huzaa bila nyigu, na hilo ni kwa sababu wakulima wa zamani walizichagua. Lakini tini mashuhuri ya Smyrna, mji wa Uturuki ambao leo huitwa Izmir, haizai bila yeye. Wakulima wa California waliipanda miti ya aina hiyo katika miaka ya 1880, ikastawi, ikatoa matunda machanga, na yote yakaanguka. Walihangaika hadi mwaka 1899, walipofaulu kumleta nyigu wake na kumfanya azoee. Jike anayeingia katika tini hiyo hufia ndani, na tunda humyeyusha. Basi tini ya aina hiyo tunayoipamba kwenye sinia la futari imeingiwa na mdudu sawasawa na kuyu. Tofauti ni kwamba tini imetufikia ikiwa imefungwa kwenye paketi yenye nembo ya dhahabu, na kuyu limeanguka uani.

Sisemi haya ili kuidharau tini. Naipenda, na meno yangu yaliyosalia yanaistahimili. Nasema tu kwamba sisi watu wa pwani tumelelewa na pande mbili, bara na bahari, na haifai mtoto amheshimu mjomba aliyekuja na zawadi kwa kumtukana mama aliyemlea. Lugha yetu imeyahifadhi majina yote mawili bila kubagua. Dharau ni yetu wenyewe.

Na dharau ina gharama. Mwaka mmoja mzee mwenzangu, jirani ya Zinga, aliuza eka moja kwa kijana wa mjini, akaniomba niwe shahidi. Miti ilihesabiwa ili iingizwe katika bei: minazi kumi na mmoja, mikorosho sita, miembe mitatu. Karibu na kisima palikuwa na mkuyu ambao watu watatu wakishikana mikono hawauzunguki. Haukuhesabiwa. Nilipouliza, kijana alijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, lakini huo si wa kupandwa. Huo ni pori tu." Muuzaji naye alikaa kimya, ingawa wazee wake ndio waliokuwa wakisema kuwa mkuyu ukikatwa kisima hukasirika. Ukweli ni kwamba mti huu hupenda kuota pale maji yalipo karibu. Aliyechimba kisima hapo zamani huenda mti ndio uliomwonyesha.

Nilimwomba kijana asubiri, nikamwonyesha picha katika simu. Nikamweleza habari za nyigu. Nikamwambia kuwa mwaka 2009 watafiti walichapisha habari za mikuyu ya jangwa la Namib, wakaonyesha kuwa upepo humchukua nyigu huyo hadi kilomita 160 kutoka mti hadi mti. Kutoka Bagamoyo hadi Unguja ni chini ya nusu ya umbali huo. Mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho anaweza kuvuka mkondo ambao sisi tunauvuka kwa boti. Lakini akifika asikute mkuyu wenye makuyu machanga katika siku yake hiyo moja au mbili, safari imekwisha, na mzigo wake umepotea. Mkuyu mmoja peke yake hautoshi. Kila unaokatwa ni kituo kinachofungwa katika njia ya wengine.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi mzee, andika." Karatasi ya mauziano ikaongezwa mstari mmoja chini ya miembe: mkuyu mmoja, ubaki. Bei haikubadilika. Ahadi ya karatasi si mzizi, na sijui mwenye kiwanja atakayekuja baada yake atasema nini. Lakini kwa kadiri ya uchunguzi wangu mdogo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kuyu kupata karani katika pwani hii.

Picha zangu sasa zinazidi mia mbili. Nimezichapisha baadhi, nikaandika chini ya kila moja jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kilatini, na kijiji nilikoikuta, nikazipeleka katika shule ya msingi iliyo jirani na kwangu. Walimu wamezibandika ukutani. Methali pia nimeiandika hapo, kwa herufi kubwa, kama nilivyoipokea, kwa kuwa si kazi yangu kuwarekebisha wahenga. Wao walitazama ndani ya kuyu wakaona mabuu, na waliyaona kweli. Nimeongeza swali moja tu chini yake, la kujibiwa na wanafunzi wa darasa la sita: je, mabuu hayo yanafanya kazi gani humo ndani?